JINA LA MTU NI AMANA
Mas'ala ya Mgeni na Hisabu ya Benki katika Nchi ya Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amini hata kabla ya kupewa utume, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baada ya hayo:

Katika miji ya pwani leo ni shida kupata mtaa usiokuwa na kijana wake ng'ambo. Huyu yuko Maskati, yule yuko Dubai, na mwengine yuko London au Leicester. Siku ya safari wazee humsomea dua, humuusia sala na chakula cha halali, na mama humfungia halua na visheti. Lakini ni wachache mno wanaomuusia juu ya jambo litakalomkabili katika juma la kwanza la ugeni wake, nalo ni kufungua hisabu katika benki ya nchi ile. Watu hulidhani kuwa ni jambo la makarani na makaratasi tu, wala halina khabari na dini. Na hali ndani yake mna amana, mna ahadi, mna riba, mna ushahidi wa kweli na wa uwongo, na mwisho wake mna mirathi. Mtu huweza kuchunga nyama anayokula kwa uangalifu mkubwa, kisha akaingia katika haramu kwa ncha ya kalamu.

SUALI LENYEWE

Ili mas'ala yafahamike, na upigwe mfano wa watu wawili, Zaidi na Amri, kama ilivyo desturi ya vitabu vya fiqhi. Zaidi ni kijana wa Lamu aliyekwenda Leicester, katika nchi ya Uingereza, kwa masomo ya chuo, na ruhusa yake yamjuzisha kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Alipofika hakuwa na pa kulala. Amri, mtu wa Mombasa aliyetangulia miaka minne, alimpa nusu ya chumba chake, akamlisha juma tatu bila ya kumhisabia hata peni moja, akamwonyesha msikiti na soko.

Zaidi akapata kazi katika ghala. Mwenye ghala akamwambia kuwa mishahara hailipwi mkononi, hulipwa kwa benki tu. Akenda benki na paspoti yake. Karani akamtaka na karatasi ya kuthibitisha anwani: bili ya umeme, au karatasi ya kodi ya baraza la mji, au mkataba wa kupanga. Zaidi hana hata moja, kwani chumba si kwa jina lake. Akenda kutafuta chumba chake mwenyewe, akaambiwa kuwa hapangishwi mtu asiyeonyesha karatasi za benki. Basi akawa kama mtu azungukaye kisima asipate kamba: benki yataka nyumba, na nyumba yataka benki.

Mtu mmoja akamnong'oneza kuwa yuko bwana anayetengeneza bili za umeme kwa pauni chache, ukitaka jina lako hulitia. Zaidi akakataa, akasubiri. Baada ya siku chuo chake kikampa barua yenye jina lake na anwani yake, kwani vyuo vya nchi ile huwaandikia wanafunzi wao barua kama hizo kwa ajili ya mabenki. Hisabu ikafunguliwa kwa ukweli.

Mwaka haujesha, Amri akamjia usiku. Ruhusa yake ya kukaa ilikuwa imekwisha, naye hakuirudisha upya. Alikuwa akifanya kazi jikoni katika mkahawa, na bwana wake aliyekuwa akimlipa mkononi sasa amesema atalipa kwa benki tu. Amri akasema: "Ndugu yangu, mshahara wangu na uingie katika hisabu yako, nawe unitolee kila mwisho wa mwezi. Mamangu ni mgonjwa, naye hana mwengine ila mimi. Nami nilipokupa chumba sikukuuliza karatasi."

Hili ndilo suali: Je, yamjuzia Zaidi kumwazima Amri jina lake? Na lile neno la mwisho la Amri si neno jepesi, wala asilichukue kwa wepesi mwenye kujibu. Wema una haki yake, na mwenye kusahau wema aliotendewa katika ugeni hana uso mbele za watu.

FEDHA ILIYOMO BENKI NI KITU GANI?

Hapana jawabu ya suali hili mpaka kwanza ijulikane fedha ya mtu iliyomo benki ni kitu gani. Watu wengi husema, "Nimeweka amana." Lakini amana katika sharia ni kitu ambacho mwenye kuwekewa hukihifadhi kwa dhati yake, hakitumii, na kikipotea bila ya uzembe wake halipi. Benki haifanyi hivyo. Yaichukua fedha, yaichanganya na ya wengine, yaikopesha na kuifanyia biashara, na ikipotea yadaiwa.

Khabari ya Zubeir bin Awwam, mmoja katika sahaba kumi waliobashiriwa Pepo, inatosha kuwa taa hapa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba watu walikuwa wakimjia na mali zao wamuwekee amana, naye akikataa kuzipokea kwa jina hilo; akiwaambia kuwa azipokea kwa kuwa ni mkopo, kwani akichelea zisije zikapotea. Maana yake ni kuwa amana ikipotea, mwenyewe hana cha kudai. Lakini mkopo ni deni juu ya shingo ya mkopaji, upotee usipotee. Zubeir alipouawa katika mwaka wa 36 wa Hijra, mwanawe Abdallah alizihisabu deni hizo akazipata kuwa 2,200,000, akazilipa zote kutokana na mali aliyoiacha babake.

Na ajabu ni kuwa sheria ya Waingereza yenyewe imefika mahali hapo hapo. Katika mwaka 1848 baraza lao kubwa la hukumu, katika daawa ya Foley na Hill, liliamua kuwa fedha ikisha kuwekwa benki si ya mwekaji tena, ni ya benki. Na alilobaki nalo mwekaji ni deni analoidai benki. Na mwaka 1995, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao yake Jedda, ilipokutana Abu Dhabi, iliamua vivyo hivyo kuwa fedha iwekwayo katika hisabu za kutoa wakati wowote ni mkopo katika hukumu ya sharia.

Kutokana na msingi huu yafuata mambo matatu.

La kwanza, benki ni yenye kudhamini fedha ile, kwa kuwa ni mdaiwa.

La pili, ikiwa ni mkopo, basi nyongeza yo yote iliyoshurutishwa juu yake ni riba. Majmaa hiyo hiyo ilisema hivyo katika kikao chake cha pili, mwaka 1985, na wanavyuoni waliokutana Cairo katika mwaka 1965 walikwisha kusema kama hayo. Kweli katika mwaka 2002 ilitoka kauli Azhar ya kujuzisha faida iliyopangwa mbele, lakini ilipingwa na wanavyuoni wengi, na mwenye kuihofia dini yake huiacha shubuha. Kwa hivyo msafiri na achague ile hisabu ya kupokea na kutoa isiyo na faida, wala asikimbilie ile ya kuweka akiba kwa sababu tu karani amemsifia.

La tatu, nalo ndilo lenye kuhusu suali la Zaidi na Amri: hisabu ya benki ni maandiko ya deni. Jina lililoandikwa juu yake ni ushahidi wa nani anayedai. Benki inaposema, "Hii ni hisabu ya Zaidi," yasema, "Zaidi ndiye tunayemdaiwa." Basi Zaidi akitia sahihi kuwa fedha ziingiazo ni zake, na hali ajua kuwa ni za Amri, ametoa ushahidi usiokuwa wa kweli juu ya mali ya mtu.

KARATASI SI MATUSI

Wako wageni wengi ambao karani akiwauliza paspoti, na anwani, na kazi yao, na fedha yao imetoka wapi, huona wametukanwa. Husema, "Kwetu mtu hujulikana kwa babake." Kweli. Zamani mfanyibiashara alipofika Lamu au Mombasa kwa msimu wa kaskazi, kutoka Hadhramaut, au Maskati, au Kachi, hakuonyesha karatasi. Alishukia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemjulisha kwa watu wa soko. Lakini na aulizwe mwenye kusema hivyo: je, yule mwenyeji hakuwa ndiye karatasi yake? Asiyekuwa na mwenyeji, nani alimkopesha hata jora moja la nguo? Mgeni daima ameombwa mtu wa kumshuhudia. Kilichobadilika ni kuwa katika mji wenye watu laki kadha wasiojuana, ushahidi wa uso umekuwa ushahidi wa hati.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Suratul Bakara, haikuja ila kwa jambo hili: imeamrisha deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na washahidi washuhudie. Wazee wa pwani nao walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Basi mwenye kuulizwa karatasi hakutukanwa. Mabenki ya Uingereza yamelazimishwa na kanuni za mwaka 2017 kumjua mwekaji kabla ya kumfungulia, ili fedha ya wizi na ya madawa ya kulevya isipite humo. Karani mwenye kuuliza kwa adabu afanya wajibu wake. Na mwenye kuuliza kwa dharau, dharau ni yake, na suali labaki kuwa la haki.

HOJA ZA WENYE KUJUZISHA, NA JAWABU ZAKE

Wenye kusema kuwa yafaa kuazima jina wana hoja tatu, na haifai kuzipita bila ya kuzijibu.

Hoja ya kwanza husema: benki ni ya watu wasio Waislamu, na nchi ni yao, na sheria ni zao, basi kuna ubaya gani kuwadanganya?

Jawabu yake ni kuwa usiku Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, katika mwaka 622, nyumbani kwake mlikuwa na amana za watu, na watu hao walikuwa ni wa mji ule ule uliokuwa ukimtafuta ili kumuua. Hakusema, "Hawa ni maadui, mali yao ni halali." Alimwacha Ali nyuma, katika khatari ya roho yake, ili arejeshe kila amana kwa mwenyewe. Ikiwa huo ndio mwendo kwa wenye kutaka kuua, itakuwaje kwa watu waliomfungulia mgeni mlango, wakampa ruhusa ya kusoma na kazi ya mshahara?

Na watu wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi. Na wafungue Kitabul Umm: humo Imamu amesema wazi kuwa Muislamu akiingia katika nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani waliyompa, basi nao wamesalimika naye, si halali kwake kuwakhini katika mali yao. Ruhusa ya kukaa iliyogongwa katika paspoti ndiyo amani ya zama hizi. Mwenye kuichukua kwa mkono wa kulia asiivunje kwa wa kushoto.

Hoja ya pili husema: hii ni dharura, na dharura hujuzisha lililokatazwa.

Jawabu ni kuwa kanuni ni ya kweli, lakini ina mipaka miwili: dharura ni pale ambapo hapana njia nyengine, na ikifika huchukuliwa kwa kadiri yake tu. Ama katika mambo ya Zaidi, njia zilikuwako. Palikuwa na barua ya chuo. Palikuwa na kumwomba mwenye nyumba mkataba wa maandishi. Tena, tangu mwaka 2016 mabenki makubwa ya Uingereza yamelazimishwa kumpa hisabu ya msingi mtu anayekaa nchini kwa ruhusa ya sheria, bila ya ada ya kuiweka, hata akiwa ni maskini. Na akikataliwa pasipo haki aweza kupeleka mashtaka yake kwa msuluhishi wa mambo ya fedha bila ya malipo. Wengi hukimbilia uwongo kwa sababu hawakuijua haki yao, au waliijua wakaona yakawia. Lakini uzito wa kungoja juma tatu si dharura, ni subira.

Na katika hisabu ile ya msingi muna jambo la kuzingatiwa. Watu huidharau kuwa ni hisabu ya maskini, kwa kuwa mwenyewe hawezi kutoa zaidi ya kilichomo. Na hali kule kutoa zaidi ya kilichomo ni mkopo wa riba, na katika mabenki mengi ya huko hukaribia 40 kwa mia kwa mwaka. Basi hisabu ya maskini imemkinga mwenyewe na moto ambao hisabu ya tajiri yamkaribisha. Muislamu mwenye akili huichagua kwa hiari yake.

Ama Amri, dharura yake yaonekana kuwa kubwa zaidi, kwani tangu Desemba 2014 sheria imeyakataza mabenki kumfungulia hisabu mtu asiye na ruhusa ya kukaa. Lakini dharura ya Amri si dharura ya Zaidi. Mwenye njaa yajuzu kula nyamafu kwa kadiri ya kushika roho. Haijuzu kwake kumlazimisha jirani atoe ushahidi wa uwongo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo husema: kumsaidia ndugu ni wajibu, na Amri ana mkono juu ya Zaidi.

Jawabu ni kuwa kusaidia ni wajibu, kweli. Lakini na itazamwe, je, huku kuazimana jina kwamsaidia Amri au kwamfunga? Imekwisha kuelezwa kuwa hisabu ni maandiko ya deni. Mshahara wa Amri ukiingia kwa jina la Zaidi, benki haimdaiwi Amri kitu. Akikana Zaidi, Amri hana hati wala shahidi, wala hawezi kwenda kwa kadhi wala kwa hakimu. Na tuseme Zaidi ni mwaminifu, hakani kamwe: je, ana ahadi na Malaika wa mauti? Akigongwa na gari njiani kesho, fedha ile yahesabiwa katika tirka yake. Mkewe na wazee wake walioko Lamu hawajui kuwa ndani yake mna jasho la mtu wa Mombasa. Watagawana na kula haki ya mwengine wakidhani ni mirathi ya halali. Na mama mgonjwa wa Amri hatapata hata senti. Nani basi aliyesaidiwa?

Tena Zaidi mwenyewe yumo khatarini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2002 juu ya mali ya jinai yafikisha kifungo hata miaka 14 kwa mwenye kupitisha fedha ya makosa katika hisabu yake, na wezi wa zama hizi huwatafuta wanafunzi wageni hasa, wakawaambia, "Tuazime hisabu yako tu, nawe utapata kitu kidogo." Amri si mwizi. Lakini benki haina njia ya kumpambanua Amri na mwizi, na mlango ukifunguliwa kwa huyu umejifunza kufunguka. Hisabu ya Zaidi ikifungwa, mshahara wake, karo yake na ruhusa yake ya kukaa vyote vyatikisika. Na mwanafunzi wa Lamu atakayekuja baada yake atatazamwa kwa jicho la shaka kwa sababu yake.

Na juu ya hayo yote ni ahadi. Zaidi alipofungua hisabu alitia sahihi masharti, na Waislamu wamefungwa na masharti yao. Hapana aliyemlazimisha.

BASI ZAIDI AFANYE NINI?

Mwenye kusema "haifai" kisha akaenda zake hakumaliza kazi. Kukataa bila ya kusaidia ni ubakhili uliovaa kilemba cha dini. Wema hulipwa kwa mali ya mtu, na kwa wakati wake, na kwa miguu yake. Haulipwi kwa ushahidi wa uwongo.

Kwa hivyo Zaidi na amwambie Amri kwa ulimi laini, na amwambie uso kwa uso, asimkimbie: "Kaka, jina langu siwezi kukuazima, lakini mkono wangu ni wako." Kisha asadikishe neno lake. Atoe katika mshahara wake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, ampelekee mamake Amri fedha ya dawa. Na hapo hapana uwongo wo wote, kwani ni fedha ya Zaidi na ni sadaka ya Zaidi, au ni mkopo mwema ulioandikwa. Amkaribishe chumbani kama alivyokaribishwa, ale naye kama alivyolishwa. Afuatane naye kwa mshauri wa sheria aliyeidhinishwa kwa mambo ya ruhusa, si kwa madalali wa barazani, ili ijulikane kama pana njia ya haki ya kuitengeneza hali yake. Na yule mwenye mkahawa, aliyemtumia Amri akijua kuwa hana ruhusa, na aambiwe kuwa mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa ni haki ya mfanyi kazi, nao hulipwa kabla jasho lake halijakauka.

Na ikiwa njia zote zimefungwa? Hapa pana uchungu, wala haifai kuuficha. Huenda ikawa hakuna njia ya kubaki nchi ile ila kwa kuzidisha uwongo mmoja juu ya mwengine: jina la kuazima, bili ya kuazima, na mwisho maisha ya kuazima, ambayo mtu akifa hajulikani ni nani. Basi hapo kurejea nyumbani si aibu. Mwenda kwao si mtumwa. Mtu aliyerudi Mombasa na mikono mitupu, jina lake likiwa safi, ni bora kuliko aliyebaki ughaibuni akijificha kila asikiapo mlango ukibishwa. Na watu wa pwani nao wana dhambi yao katika haya, kwani ndio wamchekao mwenye kurudi bila ya kitu, wakamsukuma kijana kuogopa ulimi wa mtaa kuliko hisabu ya Mola wake.

Huenda Amri akakasirika. Huenda akaacha kumwamkia Zaidi msikitini, na akawaambia watu kuwa huyu nimemlea naye amenitupa. Zaidi na astahimili. Si kila mwenye kulaumiwa ni mwenye kosa. Na urafiki ambao bei yake ni ushahidi wa uwongo hauwezi kulipwa na Muislamu, hata ukiwa ni mtamu.

WASIA KWA MWENYE KUSAFIRI

Msafiri mwenye kutaka salama na ashike mambo manne.

Kwanza, achukue karatasi zake tangu nyumbani, na akifika tu aombe mkataba wa chumba kwa maandishi. Na katika Uingereza kadi za ukaazi zilikoma mwisho wa mwaka 2024, na hati yenyewe sasa iko katika mtandao. Basi ajifunze kuitoa kabla ya kwenda kwa karani.

Pili, asome masharti kabla ya kutia sahihi, na asipofahamu aulize. Akiwa katika nchi yenye benki ya Kiislamu na aanzie huko. Oman iliruhusu benki za namna hiyo kuanzia mwaka 2011; Dubai inayo tangu mwaka 1975; na Uingereza inayo tangu mwaka 2004, ile iliyokuwa na makao yake Birmingham. Katika ile ya Birmingham palitokea mas'ala ya kupendeza: sheria ya nchi yataka kila mwekaji arejeshewe fedha yake kamili, na mudharaba ya sharia yataka mwenye mali awe tayari kushiriki katika khasara. Wakasuluhisha kwa kumpa mwekaji haki ya kurejeshewa yote, na khiari ya kuikataa haki hiyo kwa ajili ya dini yake. Kwa hivyo mizani imewekwa mkononi mwa Muislamu mwenyewe, aonekane ukweli wake siku ya khasara. Na wala asitosheke na jina la mlangoni. Aulize pia nani awasimamiao katika sharia.

Tatu, akikuta faida imeingia katika hisabu yake bila ya kuitaka, asiile. Wengi wa wanavyuoni wa zama hizi wamesema aitoe katika maslaha ya watu kwa nia ya kujitakasa, si kwa nia ya kupata thawabu ya sadaka. Na kwa kuwa benki humwandikia kila peni, hana udhuru tena wa kusema hakujua kama mali yake imefika nisabu ya zaka.

Nne, aandike wasia. Mtume (s.a.w.) amemkataza Muislamu mwenye cha kuusia kulala hata siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Na mwenye kuhesabiwa na sheria ya Uingereza kuwa maskani yake ni huko, akifa bila ya wasia, mali yake hugawanywa kwa sheria ya nchi na si kwa Suratun Nisaa: akiwa ameacha mke na watoto, mke hutangulizwa kwa pauni 322,000 kwa kadiri iliyowekwa Julai 2023, na mama na baba hawana fungu. Na aliye mbali hata wasia wa sheria haumpasi, na aandike walau khabari: niko na hisabu mahali fulani, nadaiwa na fulani, namdai fulani. Fedha ngapi za watu wa pwani zimelala katika benki za ugenini, hazina wa kuzidai, kwa kuwa mwenyewe hakumwambia mtu!

Siku ya Kiyama mja hataulizwa mali yake ilikuwa kiasi gani tu. Ataulizwa aliipata wapi na aliitumia katika nini. Kwa suali hilo hapana hisabu ya kuazima. Kila mtu atasimama kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi walio safarini, awafungulie milango ya halali, awape subira katika kungoja, na awarejeshe kwao na nyuso nyeupe. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.